Paipu ya breki ikitoboka usikubali izibwe: kubadilisha paipu na kutoa upepo mwenyewe nyumbani

Raskazone
Wakuu salaam. Hii mada nimeileta makusudi maana hapa Tanga naona gari nyingi sana zinatembea na breki za tairi tatu, wenye gari wanajua kabisa na wanaona kawaida. Mwendo ni ule ule, paipu ya nyuma inatoboka kwa kutu, mafuta ya breki yanamwagika, pedeli inazama, mtu anaingia gereji ya karibu, fundi anaikunja ile paipu anaigonga nyundo mpaka inakuwa bapa, au anatumbukiza gololi ndogo kwenye mdomo anakaza nati, halafu anamwambia bosi tumeziba tairi moja we tembea tu hamna shida. Juzi jirani yangu karudi na IST imefanyiwa hivyo hivyo na ana safari ya Lushoto na familia. Nikamwambia gari hailali hivi, tukaifanya uani kwake.

Shida ipo tena kubwa. Masta silinda, yaani ile pampu inayosukumwa na pedeli ya breki, kwa gari za siku hizi ina vyumba viwili ndani, kila chumba kinalisha tairi mbili. Gari nyingi za kuvuta mbele mgawanyo wake ni wa mshazari, yaani mbele kulia na nyuma kushoto chumba kimoja, mbele kushoto na nyuma kulia chumba kingine. Za kuvuta nyuma kama Hiace na Hilux kawaida mbele peke yake na nyuma peke yake. Lengo ni kwamba njia moja ikifa nyingine ikusimamishe. Sasa ukishaziba tairi moja ya nyuma, siku ukikanyaga breki ya ghafla kwenye lami yenye mvua nyuma inakamata upande mmoja tu, mkia unahama, na pale hakuna usukani utakaokuokoa. Halafu ile gololi au ule mkunjo unashikilia presha ambayo ukikanyaga kwa nguvu inaweza kupita bar 100. Tairi la gari ndogo lina kama bar 2 tu, piga hesabu mwenyewe.

Na kuchomelea kwa gesi nayo msikubali. Ule moto unalainisha chuma na kuunguza ile rangi ya kuzuia kutu, halafu kiungo kinakaa kigumu pembeni ya paipu inayotetemeka siku nzima, lazima ipasuke pembeni ya weldi.

Nitaandika kwa vipande maana nachapa kwa simu, maswali ulizeni tu.

Kimara_Temboni
Napiga kambi hapa mkuu. Swali la haraka, mtu unajuaje kwamba kinachodondoka ni mafuta ya breki sio maji ya AC au oili, maana mimi nikipaki naona doa chini na kila mtu ananiambia lake

Raskazone
Mkuu weka karatasi nyeupe chini usiku. Maji ya AC yanakauka hayaachi kitu. Oili ya injini inaacha doa la kahawia au jeusi lenye harufu ya kuungua. Mafuta ya breki mapya yana rangi ya manjano mepesi, yakizeeka yanakuwa meusi kidogo, ukishika kwa vidole yanateleza kuliko maji ila sio mazito kama oili, na yakigusa rangi ya bodi yanaibabua. Halafu angalia kopo lake kwenye boneti, kama linashuka chini ya MIN na pedi bado nene basi yanatoka mahali. Pedi zikiisha kopo nalo linashuka lenyewe, hiyo ni kawaida.

Angalia pia sehemu ya ndani ya tairi, ukiona imelowa kuanzia kwenye drami (lile dumu la chuma lenye breki ndani) kushuka chini hiyo ni silinda ya tairi, sio paipu.

fundi_shauri_moyo
Mtoa mada samahani lakini mimi ni fundi na hii kazi ndio inanilisha, unachofanya hapa ni kufundisha watu kujiua. Breki sio kubadilisha plagi. Mtu wa ofisini ananunua spana jumamosi jumapili anafungua breki jumatatu anagonga mtu kituoni. Kwa nini usiwaambie tu waende kwa fundi mzuri?

Raskazone
Mzee wangu heshima yako na hoja yako naichukua. Fundi mzuri wa breki ni bora kuliko mtu asiyejua, hilo halina mjadala, na mtu asiyewahi hata kufungua tairi asianzie hapa. Lakini watu wengi wanaozibiwa paipu wanazibiwa gereji, na hawajui kitu cha kudai. Hata kama hutashika spana, ukijua kazi inavyotakiwa kuwa utamwambia fundi "nataka paipu nzima mpya, mdomo wa mikunjo miwili, na nione mafuta safi yakitoka tairi zote nne". Fundi kama wewe hilo halimsumbui.

Na nitaje kabisa nani asijaribu. Prius, Aqua, Crown haibridi na jamaa zake, acheni. Zile breki za umeme zina pampu na tangi la presha, kwenye baadhi ya Prius ukifungua tu mlango wa dereva pampu inaamka yenyewe, wewe uko chini umefungua nati. Zinahitaji mashine ya kuunganisha na kompyuta ya gari ili kutoa presha na upepo kwa utaratibu. Hizo peleka kwa mwenye mashine.

fundi_shauri_moyo
Hapo sawa. Basi nitakuwa nakusahihisha ukikosea. Waambie na habari ya jeki.

Raskazone
Karibu sana fundi, uzi huu unakuhitaji.

Jeki: hakuna kuingia chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake. Stendi za chuma mbili, ardhi ngumu, kipande cha mbao nene chini ya stendi kama ni mchanga, kigingi kwenye tairi zilizobaki chini. Tofali la bloku lenye matundu linapasuka ghafla bila kukuaga, usiweke kabisa. Na tairi uliyoitoa ilaze chini ya bodi kama akiba.

Vifaa. Spana ya paipu namba 10, hii sio spana ya kawaida, ni ile ya ringi iliyokatwa nafasi ili ipite kwenye paipu na kushika nati pande karibu zote. Kwa spana ya mdomo wazi nati iliyoshikwa na kutu itavilingika halafu utabaki na vaisigripu na machungu. Msasa, brashi ya waya, dawa ya kutu, kikata paipu kidogo, seti ya kufanyia fleya (ule mdomo uliopanuliwa wa paipu), mpira mwembamba mweupe unaoonyesha ndani, chupa ya plastiki, mafuta ya breki lita 1 chupa mpya iliyofungwa na sili yake. Kwa gari ndogo lita 1 inatosha na kubaki.

Kabla ya kufungua chochote pitia paipu nzima na kidole. Usiangalie pale panapovuja tu. Toa matope kwenye zile klipu za plastiki zinazoshika paipu kwenye bodi, fungua klipu, ndio utaona. Ile ya jirani kwa nje ilikuwa kijani safi kabisa ile rangi ya kiwandani, nilipochomoa klipu moja juu ya eksile ya nyuma rangi ikatoka na klipu, chini yake chuma kimevimba kimekuwa maganda maganda, nikakwangua na kucha yakadondoka na mafuta yakatoka tone. Kwenye klipu ya pili hivyo hivyo ila haijatoboka. Klipu inatunza tope, tope linatunza chumvi. Sisi wa pwani upepo wa bahari unatosha, na gari zinazotoka mikoa ya baridi ya Japani kama Hokkaido zimekanyaga chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, zinakuja na kutu yake tayari. Kwa hiyo kama upande mmoja umetoboka ule mwingine hauko mbali, badilisha zote mbili za nyuma siku moja.

Nati: piga brashi, puliza dawa ya kutu usiku, asubuhi puliza tena. Ikigoma usilazimishe kwa kuzungusha upande mmoja, ipeleke kidogo mbele kidogo nyuma. Kama paipu inatupwa kabisa kata paipu karibu na nati halafu tumia soketi ndefu kwenye nati, inatoka bila shida.

mama_wawili_Moro
Kaka samahani, nikikata paipu mafuta si yataisha yote kwenye kopo? Nimesikia kopo likikauka ni shida nyingine

Raskazone
Swali zuri dada. Ndio, kopo likikauka upepo unaingia masta silinda, na kwa gari yenye ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisikamate kabisa ukifunga breki ghafla) unaweza kuingia kwenye ile bloku ya ABS, huko kuutoa ni kazi. Cha kufanya, kabla ya kufungua nati kanyaga pedeli ya breki kama sentimita tatu hivi uiegemezee kijiti kati ya pedeli na kiti. Ukikanyaga hivyo pistoni za masta zinaziba vile vitundu vya kutoka kwenye kopo, mafuta yanaacha kumwagika. Taa za breki zitawaka muda wote kwa hiyo chomoa betri au fyuzi. Na mdomo ulioachwa wazi uvalishe kizibo kidogo cha raba.

Thika_Superhighway
Niaje wadau, hii maneno ni ya maana. Huku Nairobi wengi hutoa pipe nzima bila kuikunja wanapeleka sampo Kirinyaga Road, unapimiwa unatengenezewa yako kama ile. Swali langu, wananiuliza kama nataka ya chuma ama ya copper. Gani poa? Mimi hushuka ule mteremko wa Mai Mahiu kila wiki na nikifika chini pedal inakuwa laini, hiyo pia ni pipe?

Raskazone
Karibu jirani. Nianze na paipu.

Chuma cha kiwandani chenye rangi ya kuzuia kutu ni imara, ubaya wake ni kuoza kwa pwani na kazi ya kukipinda. Kopa tupu inapindika vizuri ila inachoka kwa mtetemo, mimi siiweki. Inayonifurahisha ni ile ya mchanganyiko wa kopa na nikeli, asilimia kama 90 kopa na 10 nikeli, haioti kutu, unaipinda kwa mkono, fleya yake inatoka safi, na Volvo wamekuwa wakiitumia tangu miaka ya 1970. Ukiipata nunua hiyo. Paipu za friji kaeni nazo mbali, rangi zinafanana ila hazikutengenezewa presha ya breki. Kipenyo cha gari nyingi ndogo ni milimita 4.75, na nati za Wajapani ni M10 yenye uzi wa 1.0. Kuna nati za Kimarekani za inchi 3/8 zinafanana sana na hizo kwa macho na zinaingia mizunguko miwili mitatu halafu zinakaza, mtu anadhani imekaza kumbe anaharibu uzi wa silinda. Nati inayogoma kuingia kwa vidole sio nati yako.

Mai Mahiu: hapana, hiyo sio paipu, ni mafuta yanachemka. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa yakiwa ndani ya gari. DOT ni daraja la mafuta linaloandikwa kwenye chupa: DOT 3 mapya yanachemka nyuzi 205, yakishavuta maji kiasi cha asilimia 3.7 kwa kipimo cha maabara yanashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka mlima mrefu umeng'ang'ania breki, kalipa (kile kibano kinachobana pedi kwenye diski) inapata moto, maji yaliyomo yanageuka mvuke, mvuke unabanwa, pedeli inazama. Ikipoa inarudi na fundi akiijaribu anakwambia mbona nzima. Badilisha mafuta yote, weka DOT 4, uwe unabadilisha kila miaka miwili, na mteremko shuka na gia ndogo. Huku kwetu Kitonga na ile njia ya Mombo kupanda Soni ni hivyo hivyo.

Thika_Superhighway
Eish, na hizo zangu hazijawahi badilishwa tangu ninunue gari. Nafanya hii wikendi. Shukran sana.

fundi_shauri_moyo
Ongeza hapo, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zinachanganyika. DOT 5 ni silikoni, hiyo usichanganye na nyingine yoyote na kwenye ABS haifai. Watu wanachanganya 5 na 5.1 kwa sababu ya namba.

Raskazone
Fundi asante, hiyo muhimu.

Sasa fleya, yaani ule mdomo wa paipu. Hapa ndipo kazi ilipo na msiharakishe. Gari za Kijapani zinatumia mdomo wa mikunjo miwili, chuma kinakunjwa ndani juu ya chenyewe kisha kinapanuliwa kwa nyuzi 45. Gari nyingi za Ulaya zina mdomo wa duara kama kiputo. Hizi mbili haziingiliani hata kama nati inaingia.

Kwanza vaa NATI kwenye paipu ndio ufanye fleya, na angalia imegeukia upande sahihi. Kata kwa kikata paipu, sio msumeno wa chuma, msumeno unaacha mdomo wa mshazari na unga wa chuma ndani. Piga tupa mpaka mdomo uwe sawa kabisa, kwangua ndani kidogo, puliza. Kaza paipu kwenye kibano, itokeze sawa na kimo cha ile ngazi ya kikombe cha seti, tia tone la mafuta ya breki, bana na kile kikombe mpaka kiguse kibano, toa kikombe, rudia kubana na koni peke yake. Fungua uangalie juani. Mdomo unatakiwa uwe duara, katikati, laini, usio na ufa wala mkwaruzo. Ukiona umeegemea upande, kata uanze upya. Nunua paipu ndefu kidogo kwa ajili hiyo, na fanya majaribio kwenye vipande kwanza mpaka mkono uzoee.

Kupinda: pitisha kwenye kopo la rangi au bomba nene, usipinde kwenye kidole gumba maana inakunjamana. Lala nayo njia ile ile ya zamani, kwenye klipu zote, mbali na ekzosi na mbali na sehemu eksile inapocheza. Paipu inayoning'inia hewani itapasuka.

Kufunga: nati zote zianze kwa vidole. Nati ya paipu ni kama Nm 15 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), sio nguvu ya kukaza tairi. Hakuna tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi, hakuna gundi, kinachoziba ni mdomo wenyewe. Kusafisha tumia spiriti au dawa ya kusafishia breki. Petroli na dizeli zinavimbisha raba za silinda, na hili naona mafundi wengi wanalifanya.

kijana_wa_Mikindani
Mkuu kuvimba raba umenikumbusha, huku kwetu gari ya mzee mmoja iliishiwa mafuta ya breki njiani wakaweka haidroliki ya usukani ili afike. Ilifika. Siku ya tatu breki zikakamata zenyewe tairi zote haiendi mbele wala nyuma

Raskazone
Ndio matokeo yake hayo. Raba za breki zinapatana na mafuta ya DOT tu, ukitia oili yoyote ya petroli, iwe ya usukani, ya gia au ya injini, zinavimba, zinaziba vile vitundu vya kurudishia mafuta kwenye masta, breki haziachii. Hapo kumwaga na kuosha hakutoshi. Ni raba zote, masta, silinda, kalipa, hosi za mpira, na raba ya kifuniko cha kopo. Mtu akiishiwa porini ni heri alale hapo.

mama_wawili_Moro
Kaka tunasubiri hiyo ya kutoa upepo, mdogo wangu yuko tayari na mimi ndio nitakuwa nakanyaga

Raskazone
Haya dada, tena wewe wa pedeli ndio mwenye kazi kubwa.

Kopo lijae mpaka MAX na kifuniko kiwekwe juu bila kukazwa. Chini ya pedeli weka kipande cha mbao ili isifike sakafuni kabisa. Sababu ni hii, masta iliyozeeka pistoni yake inasafiri kila siku sehemu ile ile, kule mwisho ambako haifiki pana uchafu na kutu, ukiisukuma mpaka huko raba zinakwaruzika na kesho yake masta inaanza kupitisha.

Anza tairi iliyo mbali na masta. Kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Baadhi ya gari zina mpangilio wake kwenye kitabu, kikisema tofauti fuata kitabu.

Nipeli ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo yenye tundu nyuma ya breki ya tairi, safisha kwanza, vaa spana ya ringi, halafu chomeka mpira mweupe, ncha ya pili izame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ili upepo usirudi. Mdogo wako chini anasema "kanyaga". Wewe unakanyaga taratibu mara tatu nne, ya mwisho unashikilia unasema "nimeshika". Anafungua nipeli robo mzunguko, pedeli itashuka, WEWE USIACHIE. Ikigusa mbao sema "imefika". Anafunga. Akishafunga ndio anasema "achia". Ukiachia kabla hajafunga umevuta upepo ndani na mnarudi mwanzo. Msipampu haraka haraka maana upepo unakatikakatika unakuwa viputo vidogo visivyotoka.

Kwenye ule mpira utaona kila kitu. Kwanza unatoka upepo mtupu, kisha mafuta na viputo vikubwa, kisha povu jeupe, kisha mafuta meusi ya zamani yenye vijichembe, mwisho yanakuja manjano safi bila kiputo. Hapo ndipo unahama tairi. Kila baada ya mara tano angalia kopo, lisifike MIN. Nipeli kaza kiasi, ni Nm 8 mpaka 10, ikikatika humo ndani mtajuta.

Yakimwagika kwenye bodi mwageni maji mengi hapo hapo, msifute kwa kitambaa. Machoni pia maji mengi na hospitali.

Kimara_Temboni
Na mtu akiwa peke yake mkuu? Mi naishi ghetto

Raskazone
Kuna njia ya mafuta kushuka yenyewe. Jaza kopo, fungua nipeli moja na mpira wake, subiri. Yanadondoka taratibu, inachukua muda ila ni safi na haina purukushani, wewe unajaza tu kopo. Kwa kubadilisha mafuta ya zamani inafaa sana. Baada ya kubadilisha paipu nzima bado nakushauri umuite mtu mwisho umalizie kwa pedeli.

dereva_wa_Hiace_Mwanza
Hiace yangu nimetoa upepo tairi zote nne bado pedeli kama unakanyaga sponji. Nimerudia mpaka nimechoka, fundi anataka ninunue masta mpya

fundi_shauri_moyo
Nijibu hii. Kiongozi usinunue masta kwanza. Angalia juu ya eksile ya nyuma, kuna valvu yenye fimbo au springi imeunganishwa na eksile, inapima mzigo ili kugawa nguvu ya breki za nyuma. Kwenye Hiace na Hilux nyingi ile valvu ina nipeli yake ya tano, watu wanaisahau upepo unabaki humo. Na ukiwa umenyanyua bodi eksile inaning'inia, valvu inadhani gari tupu inabana njia ya mafuta. Shusha gari ikae kwenye tairi zake au weka stendi chini ya eksile ndio utoe upepo.

Jingine, kama karibuni umefungua kalipa za mbele angalia nipeli ziko wapi. Lazima ziwe juu. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto nipeli inakuwa chini na upepo unakaa juu haupati pa kutokea hata ufanye mwaka mzima.

dereva_wa_Hiace_Mwanza
Fundi ubarikiwe, nipeli ya tano ipo kweli, imejaa grisi na tope hata sikuiona. Nimeifungua sasa hivi limetoka pufuu la upepo. Pedeli imepanda juu.

Raskazone
Fundi unaona faida ya kukaa nasi. 

Niongezee kwa wenye pedeli za ajabu. Ikizama taratibu ukiwa umeshikilia kwa nguvu ile ile na hakuna panapovuja, hapo masta inapitisha ndani. Ikishuka sana mara ya kwanza na ya pili ikapanda ikawa ngumu, mara nyingi ni viatu vya breki vya nyuma havijasogezwa karibu na drami, zungusha kile kigurudumu chenye meno kupitia tundu la nyuma ya drami mpaka tairi liguse kidogo. Ukiwasha injini na pedeli ikashuka kidogo halafu ikasimama, hiyo ni busta (kile kifaa cha kukuongezea nguvu ya kukanyaga) inafanya kazi, usiogope. Na tairi moja ikibaki imekamata baada ya kuachia breki shuku hosi ya mpira, inavimba ndani kwa uzee, mafuta yanaenda hayarudi, kwa nje inaonekana mpya.

ABS: kama kopo halikukauka njia hii ya kawaida inatosha. Kama lilikauka, ni mashine ya kuizungusha pampu ya ABS, na msitoke barabarani na pedeli laini mkitegemea itajirekebisha.

mama_wawili_Moro
Tumemaliza kaka! Pedeli ngumu juu. Sasa tunaruhusiwa kuendesha?

Raskazone
Hongereni sana dada, mmefanya kazi ya watu. Bado kidogo. Injini ikiwa imezimwa kanyaga kwa nguvu zako zote ushikilie dakika nzima, mdogo wako apite na tochi na tishu kavu afute kila kiungo mlichofungua. Tishu ikilowa hata tone, fungueni muangalie mdomo wa fleya, msiongeze nguvu ya kukaza. Kisha washa injini mrudie hivyo hivyo.

Nati za tairi mkaze gari ikiwa chini, Toyota ndogo nyingi ni Nm 103. Endesheni ndani ya uwanja mwendo wa kutembea, kanyageni mara kadhaa, hendibreki iwe tayari mkononi. Halafu barabara tulivu, kilomita 30 kwa saa, kanyaga uachie usukani ulegee kidogo uone kama inavuta upande. Mkirudi tishu tena, na kesho asubuhi angalieni kopo kabla hamjatoka.

mama_wawili_Moro
Tishu kavu zote isipokuwa kiungo cha nyuma kulia, kalowa kidogo. Tunafungua.

fundi_shauri_moyo
Dada ukifungua piga picha ya mdomo wa paipu uweke hapa kabla hujafanya lolote. Nipo mtandaoni.